Simu ya Bomba Jekundu

Kabla maji hayajafika Litapunga, bomba la mzee Ladislas lilikuwa simu.

Tuelewane hapo mapema, maana kuna watu wanadhani ni masihara. Lilikuwa limefukiwa ardhini kuanzia ukingo wa barabara, pale ambapo watu wa maji walichomeka kigingi wakasema kituo kitajengwa hapa. Likapita chini ya migomba, likakikwepa choo kwa heshima zote, likaja kutokeza kwenye ukuta wa jiko la mke wake, Annonciata. Huku mdomo mmoja, kule mdomo mwingine, katikati hewa tupu. Jioni Ladislas alikuwa anabeba kigoda chake mpaka barabarani, anainama kama mtu anayenong'oneza mchwa, na kule jikoni sauti yake inatoka nene, ya mbali, kama mtangazaji wa redio aliyemezwa na chatu.

"Haloo Jikoni. Hapa Barabarani. Mnanipata?"

"Nakupata. Sema haraka, maharage yanaungua."

"Maji yamefika?"

"Bado. Yako Mpanda, yanasubiri lori."

Swali lilikuwa hilohilo kila jioni. Jibu ndilo lililobadilika. Kuna siku maji yalikuwa yameenda kliniki. Kuna siku yalikuwa yamechelewa kwa sababu hayajapata uraia, na hapo Ladislas alicheka mpaka bomba likakoroma, kwa sababu wao wawili walijua kungoja uraia ni kungoja kwa namna gani. "Basi yatafika," alisema. "Sisi si tulifika?"

Majirani waliopita barabarani walimwona mzee mwenye ndevu nyeupe anaongea na ardhi, wakamsalimia, wakaendelea na safari zao. Walimzoea.

Bomba lenyewe lilitoka kwa vifaranga. Upande wa njia ya Kasokola palikuwa na mradi wa kuku, wa Mzungu mmoja mrefu ambaye jina lake limeshapotea, watu wanamkumbuka kwa soksi tu. Mzungu huyo alitoka nchi ya baridi na alikuja na akili za baridi. Chini ya sakafu ya banda alitandaza mabomba mekundu yaliyojikunja kama utumbo, ndani yakapita maji ya moto, ili vifaranga walale pazuri. Mwezi wa sita ilikuwa sawa. Mwezi wa kumi, jua la Mpanda hili mnalolijua, vifaranga walianza kusimama kwa mguu mmoja, kwa zamu. Mradi ukafa. Ladislas, aliyekuwa mlinzi pale, akaagwa kwa koti la mvua na bomba lililobaki, jipya, halijaguswa na sakafu yoyote, limeviringishwa kama gurudumu la trekta.

Alirudi nalo nyumbani kwa baiskeli, amelivaa begani kama mtu aliyeshinda mashindano ambayo hakuna aliyeyasikia.

"Mama Sixte," alisema, hajashuka hata kwenye baiskeli. "Nimekuletea mto."

Annonciata aliliangalia lile gurudumu jekundu. Yeye alikuwa amechota maji bondeni tangu utoto. Alifika nchi hii mgongoni kwa mama yake, mwaka ule wa sabini na mbili watu walipokimbia Burundi, na kazi ya kwanza anayoikumbuka ni kupandisha kibuyu cha maji kutoka kisimani huku wakubwa wakikata pori. Baada ya kibuyu ikaja ndoo. Baada ya miaka na ndoo zake, utosini palibaki duara ambapo nywele zilikata tamaa. Ladislas aliliita uwanja wa ndege.

"Mto wenyewe uko wapi?" alimuuliza. "Mimi naona mfereji mkavu."

"Kwanza mfereji, halafu mto. Hata Mungu alianza hivyohivyo. Na ule uwanja wa ndege hapo kichwani, siku maji yakifika jikoni kwako, naufunga. Ndege zitue kwa jirani."

Akachimba na mtoto wao mkubwa, Sixte, wakati wa kiangazi, ardhi imekaza kama uso wa mtu anayedaiwa. Walipokaribia jiko wakagonga mwamba, wakachoka, wakaamua bomba limalizie safari juu ya ardhi. Likapanda likatambaa ukutani, likashikwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, likawa linaota jua mchana kutwa. Na maji hayakuja. Ndipo simu ikaanza.

Kitu kimoja Annonciata alikishika moyoni bila kujua kwamba anakishika. Ladislas akimaliza kupiga simu na kuingia ndani, mdomo wake ulikuwa unanuka beseni jipya. Ile harufu ya dukani, ya plastiki ambayo haijawahi kuoshwa.

"Leo umebusu beseni la nani?"

"La mwanamke mmoja wa Kasekese. Ana mabeseni mazuri kuliko yako."

Alikufa mwaka jana, na mvua za kwanza, kwa presha. Hakuaga mtu, yeye aliyekuwa anaaga hata akienda chooni. Annonciata alikaa wiki nzima bila kukanyaga jikoni, kwa sababu mdomo wa bomba ulikuwa pale ukutani umeachama, haumuulizi kitu.

Kituo cha maji kilijengwa kiangazi kilichofuata. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Mwaka wa msiba ulikuwa unaisha, na kwa watu wao, Warundi, mwaka ukiisha lazima mgandukane, yaani mfunge matanga. Ndugu wanarudi, pombe ya mtama inapikwa, watu wanakunywa chungu kimoja kwa mirija, mjane anavua msiba, majembe yanaruhusiwa kucheka tena. Annonciata hakuwa na mambo mengi. Alitaka kitu kimoja. Pombe ya siku ile ipikwe kwa maji yaliyopita kwenye bomba la Ladislas, chungu kizima, ili watu wote ambao mzee aliwaahidi na kuwachosha kwa ule mto wake waunywe. Basi. Hakuomba hata turubai.

Stanslaus, fundi wa kamati ya maji, Mbende mnene mwenye kofia ya mpira wa miguu, alikuja na spana zake, akafukua mdomo wa bomba pale barabarani.

"Mama, hili jekundu mlilitoa wapi?"

"Kwa kuku."

Stanslaus alilipangusa kwa kidole gumba. Palikuwa na maandishi madogo meupe, lugha ya watu, na kapicha ka mistari inayopanda kama moshi.

"Mimi naunga meusi yenye mstari wa bluu," alisema. "Hayo najua ni ya kunywa. Hili sijawahi kuliunga kwenye maji ya mtu."

"Linavuja?"

"Halivuji. Ni imara kuliko mimi."

"Sasa?"

"Sasa sijui. Hicho ndicho nakuambia, mama. Kuwa imara ni kitu kimoja na kunywewa ni kitu kingine."

Emelyne, binti wa nyumba hiyo, alitoka na simu mkononi na mtoto mgongoni. Alikuwa amerudi kujifungulia kwa mama yake na hakuwa na haraka ya kuondoka. Mtoto, Candide, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuonjeshwa vitu vya dunia. Emelyne alipiga picha maandishi, simu ikafikiri, ikasema kwa Kiswahili cha kukwaruza kwamba hili ni bomba la kupasha joto sakafu.

"Mmeona," alisema. "La sakafu."

Jumamosi Sixte alipokuja kutoka Mpanda mjini, anakouza spea za pikipiki, alisomewa maandishi hayohayo na hakuyapenda.

"Imeandikwa usinywe?"

"Haijaandikwa."

"Basi. Plastiki ni plastiki. Ndoo ni plastiki, dumu plastiki, hiyo chupa ya mtoto plastiki."

"Hata ndala yako haijaandikwa usile," Emelyne alimjibu. "Ichemshe basi tukuone."

"Wewe ulikuwa na miaka mingapi tulivyochimba huu mtaro? Ulikuwa unaleta uji, na nusu unakunywa njiani. Mimi hapa nina kovu la sururu."

"Kovu lako siyo kipimo cha maji, kaka."

"Nyie," Annonciata alisema. "Tutalionja."

Hapo lazima niseme jinsi wanavyoonja. Kwa watu wao mwenyeji hakupi kinywaji akakuangalia tu. Anakunywa yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi, ujue hakuna sumu. Mzee Salvator, rafiki wa Ladislas tangu enzi za kukata pori, alikunywa kwenye nyumba hii maisha yake yote na hakuna siku aliyogusa mrija bila kusema, "Onja kwanza tukuone." Na Ladislas alikuwa anaonja, anashika koo, anaanguka kwenye mkeka, anarusha miguu, mpaka Salvator aseme, "Vizuri, amekufa, sasa leteni chungu." Salvator alikuwa mtu wa kanisani, lakini kwa kuonja alikuwa hana mchezo.

Kwa hiyo Annonciata aliamua kama mwenyeji. Stanslaus aliunga lile bomba kwa majaribio, huku anaguna, akasema wasilitumie mpaka aulize kwa injinia mjini. Sixte akafunga koki ya shaba iliyong'aa kama jino la dhahabu. Kesho yake asubuhi na mapema, kabla jua halijagusa ukuta, Annonciata akafungua, akakinga kikombe, akanywa.

Ilikuwa beseni jipya.

Siyo sana, kwa mbali, mwishoni mwa ulimi. Lakini alisimama pale na kikombe, kwa sababu ghafla Ladislas alikuwa ameingia jikoni kutoka barabarani, ameweka kigoda chini, anataka kujua maharage yamefikia wapi. Alikunywa kikombe chote taratibu. Akakinga kingine.

"Yakoje?" Emelyne aliuliza mlangoni.

"Maji tu."

"Hayana ladha?"

"Hayana ladha yoyote."

Akafanya hivyo kila asubuhi. Emelyne aliendelea kubeba dumu kwenda kituoni barabarani kwa ajili yake na mtoto. Annonciata alimwona akipita na lile dumu, anamkwepa kama mtu aliyebeba mzigo wa wizi, na ilimuuma kidogo. Lakini yeye mwenyewe hakuumwa tumbo, wala kichwa, wala kidole. Akapigia simu Sixte, simu ya kweli, akamwambia waalikwe watu wote, pombe itapikwa kwa mto wa baba yake.

Stanslaus alirudi na majibu yake, akakaa kwenye kigoda kilekile cha Ladislas, akanyoosha miguu.

"Nimeuliza. Injinia anasema linaweza likawa zuri. Linaweza likawa siyo zuri."

"Huyo kasoma miaka mingapi ili aseme hivyo?"

"Hata mimi nilimwambia hivyohivyo, mama. Akacheka. Anasema kuna bomba za moto ambazo zimepimwa kwa kunywa pia, zinaandikwa. Hili halijaandikwa. Waliolitengeneza walipima joto na nguvu tu, kwa sababu maji yake yalikuwa ya kuzunguka chini ya sakafu, hakuna wa kuyanywa. Kwa hiyo hakuna aliyepima plastiki inaachia nini ndani ya maji. Labda haiachii kitu. Labda inaachia. Akasema tena, likikaa juani maji yakalala humo, inaachia zaidi. Unaelewa?"

"Mimi nimekunywa siku zote hizi. Niangalie."

Stanslaus alimwangalia. "Unapendeza," alisema.

"Ondoka na spana zako."

Aliondoka anacheka, lakini koki ile hakuigusa, na chai aliyowekewa hakuinywa mpaka alipoambiwa imetoka dumu la Emelyne.

Siku ya kuloweka mtama ilifika. Kazi hiyo ndiyo mwanzo wa pombe yote: mtama unalowekwa, unafunikwa majani ya mgomba uote, unaanikwa, unasagwa. Ukikosea maji ya kwanza umekosea chungu. Asubuhi Annonciata alichelewa, kuna watu wa jumuiya walikuja kusali, wakasali kama watu wasio na mashamba. Alipofika kwenye koki jua lilikuwa utosini. Chini ya ukuta beseni la mtama lilikuwa linangoja, na Candide amekaa kwenye mkeka kivulini, anatafuna kijiko cha mti.

Aliwaza: kabla ya mtama, mjukuu. Ladislas hakumwona huyu mtoto. Basi tone la kwanza la kazi ya leo limwingie yeye, kutoka kwa babu yake. Emelyne alikuwa nyuma ya nyumba anafua, hataona, na akiona atasemaje. Akafungua koki, akakinga kale kakikombe kadogo ka njano ka mtoto.

Maji yalitoka ya moto. Siyo vuguvugu, ya moto, kama ya kuogea mgonjwa, kwa sababu tangu asubuhi yalikuwa yamelala ndani ya bomba pale ukutani, yanapikwa. Candide aliona kikombe chake akanyoosha mikono yote miwili na mdomo akaufungua kabisa, kama kifaranga.

Mkono wa Annonciata ulikuwa umeshaanza kwenda. Ukarudi wenyewe. Mwenyeji anaonja kwanza, hata kama mgeni hana meno.

Akanywa.

Ile harufu aliyokuwa anaibembeleza kila asubuhi ilimpiga mpaka puani. Haikuwa tena mwishoni mwa ulimi. Ilikuwa duka zima la mabeseni, ilikuwa banda la vifaranga siku ya jua kali. Aliimeza, kwa ubishi. Akasubiri. Hakufa. Akajua kabisa kwamba na kesho hatakufa, na wiki ijayo hatakufa, na kwamba mzee Salvator angemwangalia akaridhika, akasema haya, leteni chungu.

Na Candide bado alikuwa ameachama.

Pale pale, na kikombe cha njano mkononi, Annonciata aliona kitu ambacho hakuwa amekiona miaka yote ya kuonja. Ile sumu ya kuonjeshana ni sumu yenye haraka. Mtu anaitia usiku, unaanguka asubuhi, watu wanajua. Kwa hiyo kuonja kunaifaa. Lakini kama humu kuna kitu, hakina haraka. Kitanywewa na huyu mtoto akiota meno, akienda shule, akivunja ungo, kikombe baada ya kikombe, na bibi yake ameonja mara moja, amesema hakuna ladha yoyote. Na huenda hakuna kitu. Hilo nalo lilikuwa kweli. Lakini mwenyeji hakabidhi kinywaji kwa huenda.

Aliyamwaga maji kwenye mgomba. Candide akalia kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa.

Emelyne alikuja mbio, mikono ina povu mpaka viwiko. Aliona koki inadondosha maji, akaona kikombe, akamwona mama yake amekaa chini kabisa, kwenye vumbi, karibu na beseni la mtama.

"Amekunywa?"

"Hajanywa."

"Mama."

"Yana ladha," Annonciata alisema. "Tangu siku ya kwanza yalikuwa na ladha."

"Si ulisema hayana?"

"Nilisema."

"Kwa nini sasa?"

Annonciata alifuta kikombe kwa kanga, ndani na nje, muda mrefu kuliko kikombe chenyewe kilivyohitaji.

"Ni ladha ya baba yako," alisema. "Akitoka kwenye simu."

Emelyne alijifuta povu kwenye kanga. Akachukua beseni la mtama upande mmoja. Mama yake akashika upande wa pili. Wakalipeleka mpaka kituoni barabarani, mtoto mgongoni, kanga inaburuta, na mtama wa kumganduka Ladislas ukalowekwa palepale alipokuwa anaweka kigoda.

Sixte alipokuja Jumamosi na kusikia, alizunguka ua mara kadhaa. Kisha akaongea.

"Yaani tunamzika mzee mara ya pili."

"Hakuna anayezikwa," mama yake alisema. "Kaa."

"Mimi nilichimba hapa naye, mama. Aliniambia hapa atapita mto. Sasa naambiwa mto wa mzee ni sumu?"

"Hakuna aliyesema sumu. Limesemwa halijulikani. Baba yako alikuletea kitu asichokijua ukakila lini?"

Sixte alifikiri. "Alituletea uyoga mwaka ule."

"Na nani aliutupa?"

"Yeye mwenyewe. Alisema hana hakika nao."

"Na alikuwa ametembea toka asubuhi kuutafuta," Annonciata alisema. "Alikuwa na njaa kuliko sisi wote. Si unakumbuka aliuangalia vile?"

Sixte alikumbuka, ilionekana usoni. Aliikwaruza koki ya shaba kwa ukucha. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, sauti ya yule mvulana wa sururu, "Sasa bomba lake tulitupe?"

"Nani kasema litupwe? Lina kazi yake. Lilikuwa na kazi kabla maji hayajaja."

Kwa hiyo Sixte alirudi mjini, akarudi na bomba jeusi lenye mstari wa bluu kwenye boda, amelivaa begani, na mama yake alipomwona anakuja nalo hivyo kutoka barabarani ilibidi aingie ndani kidogo kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Walifungua mtaro uleule wa Ladislas. Stanslaus akasaidia, akatania kwamba Warundi wanachimba vizuri wakishafiwa, Sixte akamwambia Wabende hawachimbi hata wakifiwa, kazi ikaenda. Jeusi likalazwa kando ya jekundu kama ndugu wawili kitanda kimoja. Pale kwenye mwamba, ambapo baba na mwana walichoka zamani, Sixte hakuchoka tena. Aliupasua mpaka bomba jeusi likafika jikoni kwa chini, kwenye ubaridi, halioni jua. Jekundu wakalikata na maji, wakaliacha linatambaa ukutani kama zamani, midomo wazi huku na huku.

Siku ya kugandukana watu walijaa mpaka kwenye migomba. Chungu kiliwekwa katikati, mirija ikachomekwa, na mzee Salvator, mgongo umepinda, koti la kanisani, alisogea na kigoda chake, akamtazama mjane.

"Onja kwanza tukuone."

Annonciata aliinama akavuta mrija. Pombe ilikuwa chungu kidogo, tamu kidogo, ya mtama, na chini yake hakuna kitu. Hakuna beseni, hakuna duka, hakuna mtu aliyeingia kutoka barabarani. Maji tu. Alivuta tena, akatafuta kwa ulimi, asipate. Watu walikuwa wanamngoja. Alisimama wima, akashika koo, akajiachia taratibu kwenye mkeka, mama mzima na vitenge vyake, akarusha mguu mmoja.

Salvator alivua kofia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika na haikujulikana kwa lipi.

"Vizuri," alisema hatimaye. "Amekufa. Leteni chungu."

Baadaye, watu wakiwa wamechangamka na mtu mmoja ameshaanza kupiga ngoma ya ndoo, Annonciata aliingia jikoni kuongeza kuni. Koki ya shaba sasa ilikuwa kwenye bomba jeusi, inang'aa. Alikinga ndoo kwa ajili ya vyombo. Ilijaa haraka, bila bonde, bila kilima, na kwa mazoea ya kujitwisha, mikono ikapanda kichwani kutafuta kata, ikakuta hakuna cha kutwishwa, ikagusa lile duara la nywele zilizokata tamaa, ikashuka.

Ukutani bomba jekundu lilikoroma.

"Haloo Jikoni." Ilikuwa sauti ya Sixte, lakini kule ndani ilikuwa imenenepa, imezeeka, imepata ndevu. "Hapa Barabarani. Mnanipata?"

Annonciata alisogea mpaka ukutani. Plastiki ilikuwa ya moto kwa jua, na ilinuka. Aliweka mdomo karibu.

"Nakupata."

"Maji yamefika?"

Alikuwa na majibu mengi ya swali hilo, miaka mingi ya majibu, ya lori, ya kliniki, ya uraia. Yote yalikuja mdomoni kwa pamoja. Aliangalia ndoo iliyojaa pale chini, inatulia.

"Yamefika," alisema. "Yamepita mtaro wako. Njoo uoshe vyombo."